Ofisi inatupeleka Kilimanjaro Desemba, njia ya Marangu siku tano. Mtu ambaye hana mazoezi ajiandaeje?

Bi_Hesabu

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya mtu yeyote aliyewahi kupanda mlima na watu wa kazini kwake, siyo na marafiki wala ndugu, watu wa kazini kabisa, mana naona hapo ndio ugumu wangu ulipo.

Iko hivi. Mimi nipo kitengo cha hesabu kwenye kampuni moja hapa Dar. Miaka yote timu bildingi yetu ilikuwa Kigamboni au Bagamoyo, mnavuta kamba, mnakimbia na magunia, mnakula mbuzi, jioni kila mtu kwake. Mwaka huu tumepata mkurugenzi mpya na yeye anapenda mambo ya mazoezi, kasema tunapanda Kilimanjaro na lazima tuwe kileleni tarehe 9 Desemba siku ya Uhuru, njia ya Marangu, siku tano kwenda na kurudi, watu kama ishirini kuanzia yeye mwenyewe mpaka dereva wetu ambaye anakaribia kustaafu.

Tangu tangazo litoke ofisi imekaa vibaya. Vijana wa mauzo wanaongea kila siku kwamba huko ndio tutajua nani mzembe na nani anajituma, kuna wadada wamenyamaza kabisa hawasemi wanaenda au hawaendi, alafu mtu wa HR katuma fomu kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kila mtu aandike magonjwa aliyonayo, humo humo kwenye grupu, watu wote wanasoma. Mimi nina pumu tangu utotoni, ipo vizuri saivi, nina dawa yangu ya kuvuta na inaweza kupita miezi sijaigusa, ila kuiandika mbele ya watu ishirini wakati kuna watu wanatafuta mzembe ni nani, hapana, sijaandika.

Na niseme wazi, nataka kwenda. Nimeuona huo mlima maisha yangu yote nikiwa kwenye basi la kwenda Arusha na sijawahi hata kukanyaga geti lake, kwaiyo hii kwangu ni nafasi ambayo sitaki initoke. Ninachoogopa ni kuwa yule mtu anayesubiriwa na wenzake, nachoka wanasimama, nakohoa wananiangalia, tukirudi ofisini inakuwa ndio habari yangu mpaka mwisho wa mkataba.

Maswali yangu: kwa mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima, miezi mitatu inatosha kujiandaa? Mazoezi gani yanasaidia ukiwa Dar ambako hakuna hata mwinuko? Siku tano zinatosha kweli? Na bosi naongea naye vipi bila kuonekana nakwepa? Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Kitunda

Dada mimi nitakuambia ukweli japo utauma. Mlima ni miguu na moyo. Sisi tulienda na kampuni yetu, tulikuwa tunakimbia kila asubuhi kabla ya kazi na wote tuliokimbia tulifika. Ambao hawakufanya mazoezi walituchelewesha sana, ikabidi tusimame kwenye baridi tunawasubiri, wengine tukaanza kuumwa kwa sababu ya kusimama. Kwaiyo mimi naona asiyejiweza abaki, siyo kwa ubaya, ni kwa faida ya wote. Ukiamua kwenda anza kukimbia kesho, miezi mitatu ni mingi mtu akiwa serious.

Mgumu_wa_Marangu

Dada Bi_Hesabu karibu sana kwetu. Mimi nimeanza mlima nikiwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni, baadaye nikasoma nikapata leseni ya kuongoza, na vikundi vya ofisi nimevipandisha vya kutosha, vya mabenki, vya mashirika, vya serikali. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kwanza nimjibu mdogo wangu wa Kitunda hapo juu kwa heshima. Kukimbia ni kuzuri, kunasaidia miguu na mapafu, ila mlima hauangalii nani anakimbia. Ugonjwa wa urefu unampata mtu mwenye kifua cha mpira na unaweza kumuacha mama wa miaka hamsini anayetembea taratibu. Na wanaonipa kazi sana mimi ni vijana wenye nguvu, kwa sababu siku ya kwanza wanapanda mbio mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, ukiwaambia pole pole wanaona unawadharau, siku ya pili wanafika Horombo kichwa kinagonga, siku ya tatu mtu hali chakula. Mama anayepumua vizuri na kutembea hatua fupi nakutana naye juu.

Sasa siku tano. Njia ya Marangu ndio njia pekee yenye vibanda vya kulala, ndio mana ofisi nyingi zinaipenda, hamlali kwenye hema. Geti lipo karibu mita 1,900. Unalala Mandara mita 2,720, kesho yake Horombo mita 3,720, kesho yake Kibo kama mita 4,700. Hebu angalia hizo namba vizuri, baada ya Mandara kila usiku unaruka mita elfu moja. Alafu pale Kibo hulali kweli, unafika mchana, unakula mapema, unajilaza na nguo zako, saa tano usiku unaamshwa uanze kupanda kwenye changarawe mpaka Gilman's Point karibu mita 5,700, na kutoka hapo unazunguka ukingo wa kreta mpaka kilele chenyewe kinachoitwa Uhuru, mita 5,895. Na siku hiyo hiyo unashuka mpaka Horombo ndio ulale. Mtu aliyetoka Dar usawa wa bahari juzi tu na basi, unampeleka hivyo kwa siku tano? Wapo wanaofika, sikatai, lakini wengi wanaorudi njiani ni wa ratiba hiyo, siyo kwa sababu ya uzembe.

Ongeza siku moja. Siku sita, ile ya nyongeza mnaikaa Horombo. Hamkai kitandani, asubuhi mnapanda taratibu mpaka kwenye yale mawe yenye mistari ya pundamilia na mbele kidogo kuelekea kile kilele kingine cha Mawenzi, mnashuka kulala pale pale Horombo. Mwili unajifunza. Siku hiyo moja inafanya kazi kuliko mbio zote za asubuhi, na kwa ofisi ndio siku nzuri kuliko zote kwa sababu hamna haraka, watu wanakaa juani wanapiga stori, bosi anafua soksi kwenye maji ya baridi kama wengine. Nimeona watu waliokuwa hawasalimiani ofisini wanaanza kuongea siku hiyo, siyo kileleni, kileleni kila mtu anapambana na pumzi yake hana habari na mtu.

Kuhusu kusubiriwa. Kikundi kikipangwa vizuri hakuna anayemsubiri mwenzake. Mchana anayetembea taratibu ndio anakaa mbele nyuma ya muongozaji, wenye kasi wanafuata nyuma yake, hairuhusiwi kumpita. Usiku wa kilele mnagawanywa, wa taratibu wanaanza saa tano, wa kasi saa sita, na kila watu wachache wana muongozaji wao msaidizi, ili mmoja akilazimika kushuka asishushe na wenzake. Mwambieni bosi amuulize mwenye kampuni ya utalii kabla ya kulipa, watu ishirini waongozaji wasaidizi wangapi? Kama jibu ni wawili watatu, tafuteni wengine.

Jambo la mwisho, wabebaji. Mizigo inapimwa getini, mgumu mmoja kikomo kilo 20. Ofisi mkija na mabegi ya magurudumu na maspika ya muziki mnamuumiza mtu ambaye ana watoto. Mtu abebe nguo za kutosha tu, na mkurugenzi aulize mapema wagumu wanalipwa shilingi ngapi na wanakula mara ngapi.

NesiTumaini

Naunga mkono siku sita kwa asilimia zote. Mimi ni nesi na nimepanda na timu ya hospitali yetu. Ushauri wa kitabibu duniani kote ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu nne upumzike siku nzima. Marangu hata ya siku sita bado ni kali ukilinganisha na hapo, ya siku tano ndio usiseme. Pale kileleni hewa unayovuta ina nusu tu ya oksijeni unayopata ukiwa Dar.

Kuhusu pumu yako dada yangu. Pumu iliyotulia haikuzuii kupanda mlima, wapo wengi wanapanda. Kinachoamsha pumu kule ni baridi kavu na kuhema kwa nguvu, kwaiyo funika mdomo na pua kwa skafu usiku wa kilele, na dawa ya kuvuta iweke mfuko wa ndani karibu na mwili mana ikipata baridi sana haitoki vizuri, na beba ya pili ya akiba. Ila kabla ya yote nenda kwa daktari anayekutibu, mwambie unataka kwenda juu kiasi gani, akupime upumuaji. Kama umelazwa kwa pumu karibuni au unaamka usiku unakohoa, acha kwanza mwaka huu.

Mwongozo wangu kwa ofisi nzima, na hii iprintini mbandike: kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi hauji, hamu ya kula hakuna, hiyo ni dalili ya mlima, unapumzika, hupandi zaidi mpaka itulie, isipotulia unashuka. Lakini mtu akianza kuyumba kama amelewa, akiongea vitu havieleweki, au akihema akiwa amekaa tu na kukohoa mapovu, hapo ubongo au mapafu yameingiwa na maji, anashushwa saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, hasubiriwi asubuhi, hata kama ni mkurugenzi. Mlimani mtu anaweza kufa kwa sababu amefichwa au amejificha. Na hapo ndipo maneno ya hao vijana wa mauzo yanaponiogopesha mimi, mtu akishaambiwa anayeshindwa ni mzembe, hatasema kichwa kinamuuma.

Kuna dawa inaitwa acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inasaidia mwili kuzoea. Siyo ya kununua tu dukani na kugawiana kama peremende, inakojoza sana, vidole vinapata ganzi, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima amwambie daktari. Inaanzwa siku moja kabla ya kupanda.

Na hili watu wanalisahau sana kwetu: mwenye seli mundu asiende kabisa. Na mwenye chembechembe tu za kurithi ambaye haumwi siku zote, naye amuone daktari kwanza, kwa sababu kwenye hewa nyepesi bandama linaweza kuleta shida kubwa. Wajawazito pia wabaki.

Afisa_Utumishi

Nimefanya kazi za utumishi miaka mingi na hiyo fomu kwenye grupu imenikera kuliko hata mlima wenyewe. Taarifa za ugonjwa wa mtu siyo mali ya grupu. Utaratibu sahihi ni rahisi sana, kila anayetaka kwenda anaenda kwa daktari, daktari anaandika barua ya mstari mmoja, anafaa au hafai au anafaa kwa masharti, basi, barua inaenda kwa mtu mmoja tu anayehusika na inafungiwa. Ugonjwa wenyewe anaujua mgonjwa, daktari, na muongozaji wa mlima, huyo muongozaji ni lazima umwambie.

Nenda kwa huyo HR ana kwa ana, siyo kwenye grupu, mwambie kwa upole kwamba fomu ifutwe. Wala usianze na habari ya pumu, anza na wenzako wanaonyamaza, mwambie kuna watu hawajajaza na hawatajaza.

Jambo la pili ni hili la lazima. Hakuna mkataba wa mhasibu unaosema atapanda mita 5,895. Safari ya namna hii inatakiwa iwe ya hiari kabisa, itangazwe hivyo kwa maandishi, na anayebaki asiulizwe sababu. Ulizeni pia kabla, kwa maandishi, kampuni inaihesabu safari kama kazi au siyo, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamlipa mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, sasa siku mtu akivunjika mguu pale Kibo ndio siku mbaya ya kuanza kubishana kama ilikuwa kazi au matembezi. Na bima ya uokoaji, nani analipa? Msipande bila majibu ya hayo.

Baba_Wawili

Mimi sipo upande wa mlima kabisa na naomba nisieleweke vibaya. Hizo hela za watu ishirini siku sita, usafiri, geti, chakula, wabebaji, ukizigawa kila mfanyakazi anapata kitu cha maana cha kulipia ada ya mtoto Januari. Timu haijengwi na baridi. Timu inajengwa na mshahara kutoka kwa wakati na bosi anayesikiliza. Pale kwetu tulipelekwa sehemu ya kuruka kamba na kupanda miti, tuliporudi yule aliyekuwa anaiba muda wa wenzake akaendelea kuiba. Dada kama unataka mlima uende kwa ajili yako mwenyewe, hapo nipo na wewe.

Kijana_wa_Kitunda

Nesi na Mgumu nimewasoma. Hilo la kugawanywa usiku sisi hatukufanyiwa, wote tulianza kwa pamoja na muongozaji mmoja mbele, kwaiyo kumbe lawama haikuwa ya wale waliochelewa. Ila Baba_Wawili siyo kweli kwamba haisaidii. Bosi wangu aliniona nikimbebea mwenzangu begi kutoka Hans Meyer Cave, lile pango la juu ya Kibo, mpaka juu, mpaka leo tukiwa na kazi ngumu anajua atanipa mimi na yule yule tuliyepanda naye. Haikuwa kitu kidogo kwangu.

Wa_Gilgil

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi huku Kenya ofisi nyingi za Nairobi hazianzi na milima mikubwa, huanza na Longonot, iko karibu na Naivasha, unaenda asubuhi unarudi jioni. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, halafu kuzunguka ukingo wote ni 7.2, kilele chake ni mita 2,776. Inaonekana ndogo kwa karatasi lakini hiyo vumbi laini na ule mteremko wa mwisho huwa unafanya watu wazima wakae chini. Hakuna maji juu, kila mtu hubeba yake.

Kile nataka kusema ni hivi, tumieni mlima mdogo kama kipimo kabla ya mkubwa. Nyinyi hamhitaji kuja huku, mna vilima vyenu. Siku hiyo moja ndio mtajua nani ana viatu vibaya, nani hanywi maji, nani huwa anakimbia mbele na kuacha wengine, na mambo hayo mtayaongea mkiwa bado mko karibu na gari. Ofisi yetu baada ya Longonot watu kadhaa walisema wazi hawataki Mount Kenya na hakuna aliyewacheka kwa sababu wote walikuwa wameona ilivyo.

Na muwe makini na maji ya mvua. Hell's Gate hapa jirani, Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yalibeba watu saba kwa korongo na walikufa, walikuwa wametoka tu kutembea Jumapili. Desemba kwenu bado kuna mvua za vuli, sivyo?

Mgumu_wa_Marangu

Ni kweli kaka wa Gilgil, mwanzoni mwa Desemba vuli bado ipo. Msituni mtalowa, juu inaweza kuwa theluji. Tarehe 9 Desemba watu wanaipenda kwa sababu ya historia, usiku ule wa mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka bendera na mwenge pale juu, na kila mwaka wazalendo wanapanda, na mimi naipenda siku hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini vibanda vinajaa na njia inajaa. Kama ofisi haijalipa, Januari mpaka mwanzo wa Machi ni kukavu, na watu wa Dar wanapata miezi zaidi ya kujiandaa.

Bi_Hesabu

Jamani nimesoma yote zaidi ya mara moja, asanteni sana, sikutegemea. Nimefanya alivyosema Afisa_Utumishi, nimemfuata HR na fomu imefutwa, atapokea barua za daktari peke yake. Kwa mkurugenzi nimepeleka yale maneno ya Mgumu kuhusu siku sita na yale ya nesi, nimeandika namba za vibanda na urefu wake kwenye karatasi moja nikampa, nikamwambia mimi nataka kwenda na nataka tufike wengi, siyo wachache. Alikaa nayo muda, akauliza siku ya nyongeza inaongeza shilingi ngapi, kwaiyo sijui bado ila hajakataa. Tarehe hataki kuigusa, anaitaka siku ya Uhuru.

Sasa naomba msaada wa vitu vidogo. Hayo mazoezi ya Dar, na nguo, mana nikiangalia bei za madukani makoti ya baridi naona mshahara wote unaisha. Na dereva wetu, mzee wa watu, kaniambia pembeni anatamani sana kwenda ila ana presha na magoti, na hataki kumwambia bosi hapana.

NesiTumaini

Mazoezi ya Dar: ngazi. Tafuta jengo refu Posta, panda kwa miguu, shuka kwa miguu, begi mgongoni lenye chupa za maji, anza na dakika ishirini ongeza kila wiki. Kushuka ndio watu hawafanyi mazoezi na ndio kunaua mapaja na magoti, siku ya kilele unashuka karibu mita 2,200 kwa mkupuo. Wikiendi tembea mchangani Coco au daraja la Tanzanite kwenda na kurudi, masaa marefu, kasi ya kuongea bila kukatika pumzi. Na mara moja au mbili nendeni Morogoro, saivi kuna treni ya umeme, mnashuka mnapanda Uluguru mpaka Morningside, ndio Longonot yenu hiyo. Nendeni ofisi nzima, na huyo mkurugenzi awepo.

Mzee wa presha asiende juu kabla daktari hajamwona, na dawa zake asiache hata siku moja.

Mgumu_wa_Marangu

Nguo msinunue dukani. Mkifika Moshi siku moja kabla ingieni mitumba ya Memorial au Kiboroloni, kuna makoti ya theluji, suruali za kuzuia upepo, glovu, kofia, vyote, alafu mfuko wa kulalia na fimbo mtakodi. Viatu tu ndio usikodi wala usinunue vipya wiki hiyo, nunua sasa, vaa kwenye ngazi za nesi mpaka vizoee mguu. Usije na suruali ya jinzi, ikilowa haikauki. Tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba, simu na betri zilale na wewe ndani ya mfuko kwa sababu baridi inazimaliza. Maji lita tatu mpaka nne kwa siku, kwenye chupa za kudumu, zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi. Kutoka pale maji ya mwisho baada ya Horombo hakuna maji tena, yanabebwa mpaka Kibo, kwaiyo ukimwaga ujue kuna mtu kayabeba kichwani.

Huyo mzee. Mwambieni mkurugenzi aweke safari kwa ngazi, siyo kilele au hakuna. Kuna wa kwenda Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, msitu mzuri, mbega wapo, dakika kama kumi na tano mbele unafika kreta ya Maundi unaona mpaka upande wa Kenya. Kuna wa kuishia Horombo. Kuna wa Gilman's, nako unapata cheti chako, na kuna wa Uhuru. Kila mtu anachagua yake mapema na daktari wake, na akibadilisha njiani kushuka hakuna anayehoji. Nimepandisha ofisi moja hivyo, bosi wao mwenyewe aliishia Gilman's. Daktari akimruhusu mzee wenu, Mandara inamtosha, nitatembea naye mimi mwenyewe kama mtakuja na kampuni ninayofanya nayo kazi, na kama siyo, muongozaji yeyote mzuri atakubali.

Na picha ya ofisi yenye bango msiipange ya kileleni, mtakosa nusu ya watu. Ipigeni getini asubuhi mkiwa wote ishirini hamjachoka.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya kupanda, fupi kabisa. Siku ya kushuka ndio utajua kwa nini nimekuambia.